Printa Yangu Inaomba Ruhusa kwa Nani?

Wiki tatu zilizopita tulimzika guka. Na usiku mbili kabla ya mazishi nilikuwa nimekaa sakafuni hapa Ruring'u, saa nne usiku, nikibembeleza mashine ya plastiki ikubali kuandika jina lake.

Sababu ilikuwa pesa. Bajeti ya kamati ilikuwa imebana, na kwetu mimi ndiye "mtu wa kompyuta." Kwa hivyo nikasimama mkutanoni nikasema vile vijitabu vya mazishi nitachapisha mwenyewe. Printa ninayo, ni ya waifai, haina hata waya. Anko akanipigia makofi. Aki, yale makofi yaliniuma baadaye.

Kama hujawahi kuiweka printa ya waifai, ngoja nikupe picha. Kwanza unashusha apu. Apu inataka akaunti, akaunti inataka barua pepe, barua pepe inaletewa namba ya siri ya kuthibitisha. Ukimaliza, inataka ijue mahali ulipo. Nikajiuliza, kwani inataka kunitembelea? Halafu inaanza kutafuta printa. "Kifaa hakipatikani." Kifaa kiko mbele ya goti langu, taa inawaka, na bado hakipatikani!

Ilinichukua saa nzima kujua shida. Rauta yetu inarusha waifai mbili, moja ya gigahatzi 2.4 na nyingine ya 5, kila moja na jina lake. Simu yangu ilikuwa kwa ile ya 5. Printa inajua ile ya 2.4 pekee. Nikahamisha simu, wakasalimiana. Nikashukuru Mungu mapema sana, kwa sababu stima ikapotea. Iliporudi, rauta ilikuwa imeipa printa anwani mpya, na simu ikawa bado inaitafuta kwa ile ya zamani. Mwanzo tena.

Karatasi ya kwanza ilitoka saa sita usiku. Picha ya guka ilikuwa safi. Lakini jina lake lina herufi ũ mara mbili, na mahali pa zile ũ palikuwa na viboksi vitupu.

Kwa msiojua, Gĩkũyũ ina irabu saba. Ĩ inakaa kati ya i na e, ũ inakaa kati ya u na o. Ukiondoa ile alama ya juu unabadilisha sauti, na mara nyingine unabadilisha neno lenyewe. Apu ya printa ilikuwa imebadilisha fonti yangu bila kuniuliza, ikaweka nyingine isiyo na hizo herufi. Asubuhi cucu alishika ile karatasi, akavaa miwani, akaangalia viboksi, akauliza polepole, "Na huyu ni nani?"

Sikuwa na jibu.

Siku hiyo hiyo tulifungua sanduku la bati la guka kutafuta kadi yake ya ubatizo, ili tuwe na hakika na mwaka aliozaliwa. Chini kabisa, chini ya hati ya shamba, kulikuwa na kijitabu chembamba cha Gĩkũyũ kilichochapishwa Karatina, Gakaara Press. Alama zote zilikuwa mahali pake, ĩ na ũ, ukurasa baada ya ukurasa. Kilometa ishirini na kitu tu kutoka hapa nilipo, mtu aliweza kuchapisha lugha yetu vizuri miaka hiyo, na mimi na waifai yangu nimeshindwa. Ndiyo nikaanza kusoma.

Kumbe Nyeri ina historia ndefu ya kuchapisha. Wamisionari wa Consolata, Wakatoliki kutoka Italia, walifika Tuthu kule Murang'a 1902, kisha wakajenga kituo kikubwa Mathari, hapa Nyeri. Mwaka 1916 wakaanzisha jarida la Gĩkũyũ linaloitwa Wathiomo Mũkinyu. Kwa hivyo zaidi ya miaka mia iliyopita, lugha ya guka ilikuwa tayari inapigwa chapa. Lakini mtambo ulikuwa wa misheni, na mwenye mtambo ndiye anayeamua nini kitatoka.

Wakikuyu wakataka sauti yao wenyewe. Mwaka 1928 chama cha Kikuyu Central Association kikaanzisha Mũigwithania, na mhariri wake alikuwa Johnstone Kenyatta, yule yule tunayemjua kama Jomo. Mhariri Mwafrika, wasomaji Waafrika, lakini mtambo haukuwa wao. Lilipigwa chapa Nairobi na Mhindi, Sitaram Achariar, ambaye naye alikuwa mwanahabari wa kuwapinga wakoloni. Mwaka 1945 Henry Mũoria akaja na Mũmenyereri, gazeti lililosomwa kote Mlima Kenya.

Halafu kuna mwenye kile kijitabu cha guka. Gakaara wa Wanjaũ alizaliwa 1921 upande wa Tumutumu, hapa hapa Nyeri. Alipelekwa Alliance High School, akafukuzwa 1940 baada ya mgomo. Akaingia jeshi la Mwingereza wakati wa vita. Aliporudi akaanza kuandika, na kitabu chake cha kwanza kilitoka 1946. Mwaka 1948 akaandika kijitabu cha Kiswahili, "Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika." Hakuwa anangoja kampuni kubwa imchague. Aliandika, akatafuta wa kumpigia chapa, akauza.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring akatangaza hali ya hatari. Magazeti ya lugha zetu yakafungwa. Mũoria alikuwa ameenda London, na akabaki huko maisha yake yote. Gakaara alikamatwa, akapelekwa vizuizini, mpaka kisiwa cha Manda kule Lamu. Na huko ndani alifanya nini? Aliendelea kuandika. Aliweka kumbukumbu kwa siri, akazificha. Zilitoka kama kitabu 1983, "Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ," na 1984 kikashinda tuzo ya Noma. Alipokuwa huru alijenga biashara ya uchapishaji ambayo mwishowe ilikaa Karatina, karibu na wasomaji wake, mpaka akafariki 2001. Msee mmoja, mji wa soko, na lugha ambayo wakubwa wengi walisema haina faida.

Najua kuna mtu hapo ameanza kuchapa komenti: "Wewe, unalinganisha printa na ukoloni?" Hapana. Gakaara alipoteza miaka mingi ya maisha yake, mimi nilipoteza usingizi. Sio kitu kimoja hata kidogo. Lakini nikiipanga historia yote kwa mstari naona swali moja linajirudia. Mashine ikishapatikana, bado lazima tuulize, ni nani anaamua itachapa nini?

Na hilo swali halikuisha na uhuru. Sheria yetu ya vitabu na magazeti inamtaka mchapishaji wa gazeti aweke dhamana. Ilikuwa shilingi 10,000. Mwaka 2002 Bunge letu, sio la Mwingereza, likaipandisha hadi shilingi milioni moja. Fikiria kijana wa Karatina mwenye gazeti la kurasa nne. Milioni moja ataitoa wapi?

Hata huko mashine zinakotengenezwa swali liliwahi kumuudhi mtu. Karibu mwaka 1980, katika maabara ya MIT kule Marekani, kijana anaitwa Richard Stallman alikuwa na printa inayokwama kila mara. Ile ya zamani aliwahi kuifungua programu yake na kuiongezea kitu, ikikwama inawatumia watu ujumbe waende kuikwamua. Ikaja mpya, ya Xerox, na programu yake ilikuwa imefungwa. Alimfuata mtu wa chuo kingine aliyekuwa na nakala, akaambiwa hapana, nimeweka sahihi kwamba sitampa mtu. Stallman alikasirika, na mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa programu ambazo kila mtu ana haki ya kuzifungua na kuzirekebisha. Sehemu kubwa ya intaneti unayotumia kusoma hii leo inasimama juu ya kazi iliyoanzia hapo. Chanzo ni printa, wasee. Printa!

Yangu iko hivyo hivyo. Ni yangu, risiti ninayo, lakini ndani yake kuna maamuzi ambayo sikuyafanya. Katriji ina chipu, na nikiweka wino wa bei rahisi inakataa hata kama wino umejaa. Fonti inachagua yenyewe. Bila akaunti ilikataa hata kuanza. Tumezoea kusema "mimi sijui teknolojia" kitu kikigoma. Mara nyingi unajua vizuri tu, ni vile mlango umefungwa na ufunguo uko kwa mtu mwingine.

Sasa kabla hujanunua, uliza mambo matatu. Inachapa kwa waya, bila apu na bila akaunti? Wino unajazwa na mtu yeyote? Ikikwama, fundi wa hapa mtaani anaweza kuifungua? Jibu likiwa hapana mara tatu, jua unakodisha, hujanunua.

Vijitabu vya guka vilitoka wapi? Saiba ya mjini, karibu na steji. Dada wa pale hakusema mengi. Alichukua faili kwa flashi, akaifungua kwa kompyuta, akachagua fonti yenye alama, akachapa kwa printa nzee nyeusi yenye waya mnene nyuma. Dakika ishirini, vijitabu mia moja. Nikamwambia asante karibu mara kumi.

Lakini vile arobaini nilivyokuwa nimechapa nyumbani sikuvitupa. Baada ya viboksi nilikuwa nimejaribu fonti nyingine, ikatoa u tupu, bila alama. Jioni ile cucu alivichukua, akaomba biro, akakaa mezani, na akaweka alama kwa mkono, moja moja, juu ya jina la mzee wake. Arobaini. Hakuruka hata kimoja.

Hivyo ndivyo vilivyoisha kwanza mazishini. Mimi nimebaki na kimoja, kiko kwenye sanduku la bati, juu ya kile cha Karatina.