Kutoka chogo hadi kioo bapa: mwanga wa televisheni unatoka wapi?

Televisheni ilichelewa kupanda milima ya Pare. Kenya walianza kurusha matangazo ya picha mwaka 1962, Uganda mwaka uliofuata, na Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaanza moja kwa moja na picha za rangi. Tanzania Bara ilibaki na redio hadi 1994, vituo vya binafsi kama ITV na CTN vilipofungua njia. Televisheni ya taifa ilifuata miaka kadhaa baadaye.

Matokeo yake, safari iliyochukua zaidi ya nusu karne Ulaya na Marekani, huku kwetu imekamilika ndani ya kizazi kimoja. Mkulima wa tangawizi wa Myamba anayeshuka Same leo na fedha za mavuno anakuta dukani majina yote yamerundikana: LCD, LED, QLED, OLED, 4K. Muuzaji huyataja haraka, na mnunuzi huona haya kuuliza. Lakini kuna swali moja linaloyafungua karibu yote: mwanga wa picha unatoka wapi?

Kwenye televisheni za zamani za chogo, mwanga ulitoka kwenye kioo chenyewe. Nyuma ya tyubu kulikuwa na kile ambacho wataalamu hukiita bunduki ya elektroni. Ilirusha elektroni zilizopiga unga maalumu uliopakwa ndani ya kioo, na unga huo ukawaka. Picha ilichorwa mstari kwa mstari, mistari 625, mara 25 kila sekunde. Elektroni zilihitaji nafasi ya kupindishwa kabla ya kufika kwenye kioo, ndiyo sababu ya lile chogo la nyuma. Aliyekulia karibu na televisheni hizo anakumbuka vinyweleo vya mkono vikisimama akisogea kwenye kioo, na doa la kijani au zambarau lililobaki pembeni pale spika kubwa ya redio ilipowekwa jirani: sumaku yake ilikuwa inazivuta elektroni nje ya njia.

Mrithi wa chogo ana asili ya kushangaza. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer, alikuwa akichunguza kemikali iliyotokana na karoti. Alipoipasha moto iliyeyuka mara mbili: kwenye nyuzi 145 hivi ikawa uji wenye ukungu, na kwenye nyuzi 178 ikawa angavu. Huo uji ndio uliokuja kuitwa fuwele za kimiminika, na kioo kinachozitumia huitwa, kwa kifupi cha Kiingereza, LCD. Miaka ya 1960, George Heilmeier na wenzake wa kampuni ya RCA huko Marekani walionyesha kwamba umeme unaweza kuzigeuza fuwele hizo zizuie au zipitishe mwanga.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Fuwele hizo hazitoi mwanga wowote. Ni dirisha tu, na lazima taa iwake nyuma yake. Mwanzoni taa hizo zilikuwa mirija myembamba. Baadaye zikaja taa ndogo za LED, zilizowezekana baada ya wanasayansi wa Japani Akasaki, Amano na Nakamura kupata LED angavu ya bluu, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Kwa hiyo televisheni inayouzwa kama LED ni LCD ileile, iliyobadilishiwa taa. QLED nayo ni LCD, imeongezewa tabaka la chembe ndogo mno zinazong'arisha rangi. Fundi analithibitisha hili kwa tochi. Televisheni ikitoa sauti huku kioo kikiwa cheusi, humulika kioo kwa karibu, na picha ikionekana kwa mbali sana anajua kioo ni kizima, zilizoungua ni taa za nyuma. Taa hizo hubadilishwa. Kioo kikipasuka, gharama yake hukaribia bei ya televisheni mpya.

OLED ndiyo iliyorudi kwenye asili ya chogo: kila nukta inawaka yenyewe na kuzimika yenyewe, hivyo nyeusi yake ni nyeusi kweli. Ni ghali, na picha isiyobadilika ikikaa muda mrefu inaweza kuacha alama.

4K haihusu mwanga kabisa, ni hesabu ya nukta. Televisheni nyingi za inchi 32 zina nukta milioni moja na kidogo, Full HD ina milioni 2, na 4K milioni 8. Ukiwa na inchi 32 ukutani, nawe umekaa mita tatu, macho hayataona tofauti ya kulipia.

Kwa upande wa matangazo, Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia usiku wa kuamkia 2013, na miezi iliyofuata zamu ikafika Tanga, Moshi na Arusha. Televisheni za chogo hazikufa hapo. King'amuzi na waya wenye vichwa vya njano, nyeupe na nyekundu viliziongezea maisha. Televisheni mpya ikiwa na DVB-T2 ndani hupokea matangazo ya dijitali yasiyolipiwa kwa antena bila king'amuzi, ila mawimbi hayo hayapindi mlima. Nyumba iliyoko nyuma ya kilima bado inahitaji dishi. Anayetumia sola aulize kama televisheni inakubali volti 12, na asome wati zilizoandikwa nyuma.

Kabla ya kulipa, omba iwashwe mbele yako, ionyeshwe picha nyeusi tupu, na uangalie kona zote nne. Ikishafungwa isafirishwe imesimama. Kioo bapa kikilazwa kwenye gari linalopanda milimani, kila shimo la barabara hukipinda katikati.