Kahawa ya Kilimanjaro

Kahawa ya Kilimanjaro ni arabika inayolimwa kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania, zaidi kati ya mita 1,000 na 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ikioshwa na kukaushwa vizuri hutoa kinywaji chenye uchachu wa matunda na uzito wa wastani mdomoni. Yapo mashamba makubwa yaliyoanzishwa na walowezi, lakini tangu miaka ya 1920 kahawa hii imekuwa zaidi mali ya wakulima wadogo wa Kichaga, ambao wengi wao hawana hata ekari mbili.

Mbuni si mmea wa asili wa mlima huu. Arabika ilianzia kusini-magharibi mwa Ethiopia, ikavuka kwenda Yemen, na mwanzoni mwa karne ya 18 Wafaransa wakaichukua Yemen na kuipanda katika kisiwa cha Réunion, wakati huo kikiitwa Bourbon. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Zanzibar wakitokea Réunion, walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Kutoka pwani mbegu za mbuni huo zikasafiri bara, na kabla ya karne ya 19 kwisha misheni ya Kilema, upande wa kusini-mashariki wa mlima, ilikuwa na mibuni yake. Kwa hiyo mmea wa Ethiopia ulizunguka Bahari ya Hindi kwanza ndipo ukafika Uchagani.

Wachaga waliupokea upesi mno kwa ladha ya walowezi, ambao hawakupenda kuona Mwafrika akiuza zao lilelile wanalouza wao. Katika Kenya ya wakati huo Waafrika walizuiwa kulima arabika. Kilimanjaro, ambako Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza, aliwahimiza wenyeji kuilima, mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, chini ya Joseph Merinyo, ili kupambana na wadudu waharibifu, kuuza kwa pamoja na kuilinda haki yao ya kulima. Chama hicho kilifuatiwa mwaka 1933 na KNCU, mojawapo ya vyama vikuu vya ushirika vya kwanza vya Waafrika barani. Si kwamba kila mwanachama aliridhika: amri ya kuuza kahawa yote kupitia chama ilizusha ghasia mwaka 1937. Serikali ya Tanzania ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, kisha ikavirudisha katika miaka ya 1980.

Shamba lenyewe huitwa kihamba. Ni bustani inayoizunguka nyumba na kurithiwa kizazi hadi kizazi. Juu kabisa husimama miti mirefu kama mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na karibu na ardhi magimbi na maharage. Ng'ombe au mbuzi wa zizini hutoa samadi, na mifereji ya kuchimbwa kwa mikono, ambayo Wachaga huiita mifongo, huleta maji kutoka msituni. Kivuli cha migomba hupunguza mavuno ya kila mti. Lakini hutunza unyevu, na familia hula ndizi hata mwaka ambao bei ya kahawa imeanguka.

Aina zilizotawala mlimani kwa miongo mingi ni mbili, zote zilizochaguliwa katika kituo cha utafiti cha Lyamungu, kilichoanzishwa mwaka 1934. N39 ni ya ukoo wa Bourbon. KP423 ni ya ukoo wa Kent, uliotoka India. Waonjaji huzisifu, ila zote mbili hushindwa na magonjwa ya ukungu: chulebuni, unaoozesha matunda yakiwa bado mabichi, na kutu ya majani. Mkulima mwenye N39 analazimika kupuliza dawa mara kwa mara, na gharama hiyo imewafanya wengi waitelekeze mibuni au waing'oe. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, yenye makao hapohapo Lyamungu, imetoa aina chotara zinazohimili magonjwa hayo. Miche yake huzalishwa kwa vikonyo na kwa kubebesha, kwa sababu mbegu za chotara hazitoi miti inayofanana na mzazi.

Ubora huanza kwenye vidole vya mchumaji. Matunda ya tawi moja hayaivi pamoja, hivyo mti mmoja huchumwa kwa awamu nyingi, kwa kawaida kati ya Julai na Desemba, na mekundu tu ndiyo yanayotakiwa. Humenywa siku hiyohiyo, nyumbani kwa mashine ya mkono au katika mtambo wa pamoja wa kikundi. Buni zilizomenywa bado zina utelezi, na huvundikwa siku moja hadi tatu kutegemea baridi ya mahali, mpaka utelezi uachie. Hapa ndipo kahawa nyingi nzuri huharibikia: zikizidishwa muda hupata harufu ya uvundo ambayo hakuna mkaangaji anayeweza kuiondoa. Baada ya kuoshwa kwa maji safi huanikwa kwenye vichanja vya wavu, zikigeuzwa na kuchambuliwa, na jua kali la mchana hukingwa kwa turubai ili ngozi isipasuke. Unyevu ukishuka hadi asilimia 11 au 12 hivi, kahawa, ikiwa bado ndani ya ngozi yake, hutiwa gunia.

Kukoboa hufanyika kiwandani. Buni hupitishwa kwenye machujio na kupewa madaraja: AA ndiyo kubwa kabisa, kisha A, B na mengineyo. PB ni buni ya mviringo, inayotokea pale ambapo mbegu moja tu kati ya mbili za tunda imekua. Daraja, hata hivyo, hupima umbo na ukubwa. AA iliyovundikwa vibaya hushindwa kikombeni na B iliyotunzwa. Ndiyo maana wanunuzi wa kahawa za hali ya juu huonja kwanza, nao hudai angalau alama 80 kati ya 100.

Jina la mlima limevuma zaidi Japani kuliko popote. Huko "Kilimanjaro" hutumika kwa arabika ya Tanzania kwa jumla, isipokuwa ile ya Bukoba, ikiwemo inayotoka Mbinga na Mbozi, mamia ya kilomita kusini, ambako sasa arabika nyingi ya nchi huvunwa. Kanuni za biashara za Japani zinaruhusu hata mchanganyiko kubeba jina hilo, mradi angalau asilimia 30 yake iwe kahawa hiyo.