Kakungulu Alimtii Nani?

Mwaka jana, mwezi wa tano, mama mmoja wa bloku yetu aliacha kumpa mtoto wake vidonge vya kifafa. Mtoto ana miaka tisa. Katika maombi ya usiku mama aliambiwa kwamba anayemtii Mungu hawezi kuweka mguu mmoja kanisani na mwingine kituo cha afya, naye akatii. Wiki tatu baadaye mtoto akaangukia motoni jikoni, mkono wa kulia ukaungua mpaka kwenye kiwiko. Mimi ndiye niliyempakata kwenye boda hadi kituoni. Pale mtu mmoja akasema mbele ya mama, tena kwa Kiswahili ili asikie vizuri, kwamba watu wa kambi hii ni wajinga. Mama hakujibu kitu. Tulipokuwa tunarudi ndipo akaniuliza, "Sasa mwanangu, wewe uliyesoma, nimtii nani?"

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho kichwani ni habari za mtu mmoja aliyekufa mwaka 1928, na nilijua kwamba hilo siyo jibu la kumpa mama aliyebeba mtoto aliyefungwa bandeji. Kwa hiyo nayaandika hapa.

Mtu huyo ni Semei Kakungulu. Nilianza kumsikia nikiwa sekondari Jinja, nilipokuwa nakaa kwa mjomba, na baadaye nilipokwenda Mbale kwenye mkutano wa vijana nikakuta mji wenyewe ulianzia kwake. Hakuwa Mganda wa kuzaliwa. Alitoka Kooki, upande wa kusini, akaingia Buganda akiwa kijana, akawa mwindaji wa tembo, kisha mkuu wa vita. Alijifunza kusoma kwa Waprotestanti miaka ya 1880. Siku zile kusoma na kuingia dini ilikuwa njia moja, hata Wakristo waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Mwaka 1899 alikuwa kati ya waliowakamata wafalme wawili kwa mpigo, Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro, na kuwakabidhi kwa Waingereza. Utii wa namna hiyo Waingereza waliupenda sana.

Baada ya hapo akaingia mashariki na watu wake, akajenga ngome, akachimba barabara, akapanda migomba. Tusimfanye mtakatifu. Wateso na Wagisu hawakumwalika, na bunduki zake hazikuwa za mapambo. Yeye alitegemea kwamba kwa kazi hiyo Waingereza wangemfanya mfalme wa Bukedi. Hawakumfanya. Walimnyang'anya makao yake ya Budaka, wakamwachia maili 20 za mraba chini ya mlima, na hapo ndipo Mbale ilipokua. Mwaka 1906 wakamhamishia Jinja kuongoza baraza la Busoga, akakaa huko hadi 1913. Cheo kilikuwa kikubwa kwenye karatasi, lakini nguvu zake zilikuwa zimebaki Mbale.

Nikifika Busoga siwezi kumpita Askofu James Hannington, maana kila mchungaji akihubiri juu ya utii anamtaja. Aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885 kwa amri ya Mwanga, kwa sababu alipita njia ya mashariki, ambayo Waganda waliiogopa wakisema adui wa kuimeza nchi atatokea huko. Wamisionari waliokuwa Buganda walijua hatari hiyo, ila onyo halikumfikia kwa wakati. Pamoja naye waliuawa wapagazi wake karibu wote, watu waliotoka naye pwani. Mahubiri mengi niliyosikia yanamsifu askofu kwa kumtii Mungu hadi kifo. Wapagazi sijasikia wakitajwa. Wao walikuwa wamemtii bwana wao aliyewaambia twendeni.

Turudi kwa Kakungulu. Aliporudi Mbale mwaka 1913 alikuwa mtu aliyechoka na ahadi. Mwaka uliofuata lilianza Buganda kundi lililojiita Kanisa la Mungu Mmoja Mwenyezi. Watu wakaliita la Bamalaki, kwa jina la Malaki Musajjakawa, ambaye Waanglikana walikuwa wamemnyima ubatizo. Mwenzake alikuwa Joswa Kate, aliyekuwa na cheo cha Mugema, chifu mkubwa. Bamalaki waliwabatiza watu bila kuwasomesha miaka na kuwapa mitihani, na watu walikuja kwa makumi ya maelfu. Fundisho lao lililowatisha Waingereza lilikuwa juu ya dawa: Mkristo mtiifu hatumii dawa yoyote, hachanjwi, haendi kwa daktari.

Wengi wakisoma hapo hucheka. Mimi naomba tusicheke haraka, kwa sababu hata Kiswahili chetu kinatuweka mahali hapohapo. Dawa ni ya malaria na dawa ni ya kumroga jirani. Mganga ni mwenye hirizi, na mganga mkuu ni mwenye ofisi wilayani. Kiganda nacho kina neno moja, eddagala, kwa yote mawili. Sasa mtu amefundishwa na wamisionari kwamba Mungu anachukia waganga na dawa zao, kisha mmisionari yuleyule anamfungulia hospitali. Malaki na Kate walisoma Biblia ya Kiganda, ambayo yote ilikuwa imetoka tangu 1896, wakauliza: katazo limeandikwa, ruhusa yenu iko mstari gani? Na chanjo ilikuwa inakuja na serikali ileile iliyokuja na kodi na kupima mashamba.

Kakungulu alijiunga nao akagombana na Waingereza juu ya chanjo. Lakini hakuishia hapo. Aliendelea kusoma, hasa vitabu vya Musa, akaona tohara imeamriwa na haikufutwa popote alipoweza kukubali. Mwaka 1919 alijitahiri pamoja na wanawe, akiwa na umri wa kama miaka 50. Bamalaki walimwambia hayo ni mambo ya Kiyahudi. Akasema basi yeye ni Myahudi. Watu wake mwanzoni walikuwa bado wanamtaja Kristo. Mwaka 1920 ndipo mgeni mmoja Myahudi alipokaa nao miezi akiwafundisha, na mambo ya Kikristo yakapungua. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha Kiganda cha kuwaongoza. Wajukuu wa imani ile, Abayudaya, bado wako Nabugoye nje ya Mbale. Idi Amin alipopiga marufuku ibada zao waliomba kwa kujificha, na wengi wakaiacha imani.

Bamalaki yaliwapata mabaya zaidi. Mwaka 1929, wakati wa tauni, serikali iliwahamisha viongozi wao kwa kukataa chanjo. Malaki aligoma kula mpaka akafa. Kate alipelekwa Arua, mbali na kwao, akafia huko mwaka 1942. Wenzetu walio kambi za huko Arua wanaijua ile safari.

Kuna wanaosema Kakungulu aligeuka kwa hasira ya kunyimwa ufalme tu. Hasira ilikuwepo, nakubali. Lakini mtu mwenye hasira tu hajikati mwili wake akiwa na miaka 50. Ninachokiona kwake na kwa Malaki ni kwamba walisoma wenyewe, na gharama ya kwanza waliilipa wenyewe. Hapo nawaheshimu. Ninapobaki na kidonda ni kwamba chanjo waliyoikataa ilikuwa pia ya watoto, na watoto hakuna aliyewauliza. Yule aliyemwambia mama wa bloku yetu aache vidonge, mikono yake yote miwili ni mizima. Nimeitazama.

Na ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, niwaambie jambo moja mama aliloniambia baadaye. Kabla hajaacha vidonge, vilikuwa vimekwisha kituoni mara mbili, akaambiwa arudi wiki ijayo. Ni saa mbili kwa mguu. Wale wa maombi walikuwa wanamfuata nyumbani kila usiku mtoto akishikwa na degedege, wanakaa naye mpaka asubuhi. Kati ya hao na yule wa kituoni aliyemwita mjinga, mngemsikiliza nani?

Nilimpelekea habari hii ya Kakungulu kidogo kidogo, jioni tukichambua maharage. Aliniuliza kama Malaki alikuwa na watoto. Nikamwambia sijui. Akanyamaza muda, kisha akasema Yesu hakumkemea mtu yeyote kwa kumleta mtoto wake.

Siku hizi vidonge vinakaa kwangu. Saa mbili usiku, kabla ya maombi, mtoto anakuja na kikombe chake cha maji. Mama husimama nje mlangoni akiangalia njia, watu wa kikundi wasije wakamwona.