Maneno ya Nchi Isiyokuwapo: Msamiati wa Kusadikika katika Riwaya ya Kiswahili, Tangu Shaaban Robert hadi Darasa la Rohero

Makala haya yanajadili swali linalomkabili kila mwandishi wa nchi ya kubuni kabla hajaandika ukurasa wa kwanza: vitu, vyeo na watu wa nchi hiyo waitweje ili msomaji asadiki? Dai letu ni kwamba historia ya riwaya ya Kiswahili imekwisha kutoa jibu lake yenyewe, nalo ni kwamba ajabu iwe katika nchi, si katika maneno. Tutalifuata jibu hilo katika vitabu vinne, kisha tutalipima hapa Bujumbura, mbali na pwani lilikozaliwa.

Shaaban Robert (1909–1962) alichapisha Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Waingereza. Jina la nchi ni kitenzi sadiki katika kauli ya kutendeka. Msomaji anaambiwa tangu jalada kwamba jambo hili laweza kuaminiwa. Nchi yenyewe inaelea angani. Hata hivyo, mipaka yake imetajwa kwa majina ya pepo: matlai, umande, kaskazi na kusi. Msomaji wa Tanga aliyekulia karibu na majahazi alizijua pepo hizo kama alivyoyajua majina ya jirani zake. Ndani ya nchi hiyo mna waziri, mna baraza, mna mshtakiwa. Karama anashtakiwa kwa kutaka kueneza elimu ya sheria, na anayemshtaki ni Majivuno. Lau mwandishi angebuni majina mageni ya vyeo, msomaji angestaajabu tu. Kwa kuwa vyeo vilikuwa vilevile alivyovijua, alilazimika kulinganisha baraza la angani na mabaraza ya nchini mwake. Msamiati wa kawaida ndio uliobeba hatari ya kitabu.

Mbinu hiyo haikuishia hapo. Katika Adili na Nduguze (1952) nchi inaitwa Ughaibu: kiambishi U- kilekile cha Uganda na Uingereza kimewekwa mbele ya ghaibu, yaani kisichoonekana. Nduguze Adili ni Hasidi na Mwivu. Katika Kufikirika, kilichotoka mwaka 1967 baada ya mwandishi kufariki, yumo mhusika aitwaye Utubusara Ujingahasara, jina ambalo ni methali nzima. Mwaka 1995 Katama Mkangi wa Kenya, aliyewahi kuwekwa kizuizini enzi za Moi, alimpeleka mhusika wake Dzombo kwenye sayari ya Walenisi. Dzombo ni jina la kilima cha Kwale, lenye sauti ya Kimijikenda. Walenisi ni sentensi iliyounganishwa: wale ni sisi. Msomaji akilitenganisha jina, amekwisha kuupata ujumbe wa riwaya. Kutoka kitenzi kimoja hadi sentensi kamili, sarufi ya Kiswahili imekuwa karakana ya nchi hizi zote.

Huenda msomaji akauliza kuhusu njia nyingine. J.R.R. Tolkien, mtaalamu wa lugha wa Oxford, alitunga lugha za Quenya na Sindarin pamoja na sarufi zake, na The Lord of the Rings (1954–1955) ikasimama juu ya kazi hiyo. Lakini hata yeye hakuanzia hewani: Quenya ilichota sauti zake katika Kifini, na Sindarin katika Kiwelisi. Jina lisilo na mzizi wowote halisadikiki kwa muda mrefu, hata likiwa tamu mdomoni.

Sasa tuje Rohero, mtaa wa ofisi na maduka ambako Kifaransa na Kirundi husikika zaidi, ilhali Buyenzi, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani, hapako mbali. Nilipowasomea wanafunzi wangu habari za mipaka ya Kusadikika, wengi walidhani umande ni yale matone ya alfajiri juu ya majani. Hawakukosea; ndiyo maana wanayoijua. Upepo wa mabaharia haujawahi kuwafikia. Hapo tuliona kwamba neno la kusadikika pwani laweza kuwa fumbo kwenye Ziwa Tanganyika. Kinyume chake, Utubusara Ujingahasara hakuwashangaza hata kidogo. Mrundi amezoea jina lililo sentensi: Hakizimana ni kusema Mungu ndiye aponyaye, Harerimana ni kusema Mungu ndiye aleaye.

Mwanafunzi mmoja alikuwa akiandika juu ya ufalme ulio chini ya ziwa. Rasimu yake ya kwanza ilijaa majina yaliyookotwa katika michezo ya kompyuta, na wenzake hawakuweza hata kuyatamka. Katika rasimu ya pili, kodi ya mfalme ililipwa kwa ndagala, na mukeke aliliwa na wakuu peke yao. Darasa likasadiki papo hapo. Swali likazuka: je, mhariri wa Kiswahili sanifu hataigeuza ndagala kuwa dagaa? Aweza kufanya hivyo, na kamusi itamuunga mkono. Lakini atakuwa ameliondoa ziwa katika hadithi, na kubakiza samaki tu.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na waandishi wake chipukizi wanaelekezwa kwenye usanifu uliosimikwa juu ya lahaja ya Unguja. Usanifu huo tunauhitaji ili tusomane. Hata hivyo, Shaaban Robert hakuazima pepo za watu wengine. Alitaja zilizovuma kwao. Kumfuata, basi, si kurudia matlai na kusi zake. Ni kumwachia mwandishi wa Bujumbura ndagala yake, na kumtaka mhariri aulize kwanza neno hilo linafanya kazi gani kabla ya kulifuta.