Homo na Vir katika Misa ya Kiingereza
Kilatini hutenganisha homo, yaani mtu, na vir, yaani mwanamume. Kiswahili nacho kina 'mwanadamu', ingawa neno hilo lamtaja Adamu pasipo Hawa. Kiingereza hakikubahatika hivyo: 'men' hubeba maana zote mbili. Watafsiri wa Misa ya 1973 walilitia hata katika maneno ya kikombe, mahali ambapo Kilatini kina pro multis tu, yaani kwa ajili ya wengi. Wanawake wengi waliona wameachwa nje ya sala yao wenyewe. Mwaka 1981 neno hilo liliondolewa hapo nchini Marekani. Lakini katika Kanuni ya Imani, penye homines, wingi wa homo, tafsiri ya 2011 imelibakiza. Na hapo, kwa maoni yetu, mtafsiri ameshika neno akaiacha maana.