Jua na Mashini: Historia Fupi ya Mwanga katika Goma

Sisi watu wa Goma tulingojea umeme wa Ruzizi, nao haukutosha. Wenye uwezo walinunua mashini ya mazutu. Wengine waliwasha mshumaa. Mwaka 2020, katika Ndosho, kampuni Nuru ilianzisha mtambo wa jua wa megawati 1,3, wenye batri na mashini ya kusaidia: jua hutangulia, mashini hufuata.

Nyumbani pia tushike utaratibu huo. Mawingu yakizidi na batri zikishuka, mashini ianze alfajiri, wakati batri zinapokea umeme mwingi. Sehemu ya mwisho, ijaayo polepole, tuliachie jua. Hivyo mazutu hayapotei bure, wala batri hazifi mapema.