Nani alituuliza tunaishi vipi?

Haya wadau, nimewapotea kidogo. Testi zilibana, bumu nalo likachelewa, si mnajua tena maisha ya Mlimani. Leo nawaletea historia ya kitu ambacho wote tumekiandika bila kuuliza kimetoka wapi: mada za insha za sekondari. Wengi wenu wa ualimu mko njiani kwenda TP, na baadhi mtaangukia shule za kata za Temeke na Kinondoni, mpewe chaki na kuambiwa "wape insha". Sasa mtawapa ipi?

Tuanze mbali. Miaka ya 1890 Mjerumani mmoja, Carl Velten, mkalimani wa serikali ya kikoloni hapa Dar, aliwaomba Waswahili waandike wenyewe safari zao na desturi zao. Hakuwa mjomba wetu huyo. Aliporudi Berlin alifundisha Kiswahili watu walioandaliwa kuja kututawala, kwa hiyo alihitaji vitabu. Ila swali lenyewe lilikuwa zuri: mnaishi vipi? Selemani bin Mwenye Chande akaandika safari ya bara. Salim bin Abakari akaandika alivyofika Urusi na Siberia mwaka 1896 (Siberia jamani, mtu wa joto kama sisi!). Zikachapwa mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli. Mwaka 1903 ikafuata Desturi za Wasuaheli, na sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo: mtoto anavyozaliwa na kupewa jina, michezo ya watoto, ngoma, harusi, uganga, mazishi. Kwa Mtoro hayo yalikuwa mambo ya kawaida tu. Leo mwanahistoria akitaka kujua pwani iliishije anamkimbilia yeye, maana barua za boma hazina hayo. Na ujira wake? Mwaka 1905 alipotaka kurudi na mkewe Mjerumani, wakubwa wa koloni hawakukubali waishi huku pamoja, wakarudi Berlin.

Mwingereza naye, kupitia Idara ya Elimu, akaanzisha gazeti la Mambo Leo Januari 1923, na wasomaji wakawa wanatuma habari za miji yao. Hapo watu waliandika kweli kweli.

Shuleni ikawa hadithi nyingine. Mtihani wa sekondari ulitoka Cambridge, na mtunga swali aliyekaa Uingereza atajua nini kuhusu Keko? Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea akalalamika kwamba shule inamtenga mtoto na jamii yake. Mwaka 1971 tukajitoa kwenye Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na sheria ya 1973 ikatupatia NECTA. Mtihani ukahamia nyumbani. Swali lilihama nalo? Nusu nusu, naona mimi. Kidato cha pili niliandika kwa Kiingereza barua kwa rafiki wa London ambaye sina, na kwa Kiswahili nikaandika "Faida za misitu" wakati naishi Tandika, ambako msitu wetu ni mwembe wa jirani.

Likizo iliyopita nilifundisha twisheni Mbagala. Niliwapa "Umuhimu wa elimu", nikapata insha ishirini zenye sentensi moja ya kwanza, ile ya ufunguo wa maisha. Wamekariri, na siwalaumu, swali lenyewe linakaririka. Wiki iliyofuata nikaandika ubaoni: "Leo umefikaje shule?" Mmoja ambaye huwa hamalizi ukurasa alijaza minne. Anatoka Chamazi saa kumi na moja alfajiri. Konda anahesabu sare kituoni, zikizidi anaondoa gari, kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Huyu dogo hajui kwamba daladala za watu binafsi ziliruhusiwa mwaka 1983 baada ya mabasi ya UDA kuelemewa, lakini ameandika sura nzima ya historia hiyo, upande ambao hauko kwenye faili la wizara. Ripoti itasema madawati mangapi. Nani alichelewa na kwa nini, haisemi.

Tahadhari moja, walimu watarajiwa. Usiulize "Baba yangu" kwenye darasa la watoto sabini, kuna ambao hawana. Usimlazimishe mtoto aanike chumba wanacholala watu sita. Uliza ya mtaani, ya nyumbani atayaleta mwenyewe akitaka. Na akikwama kwa Kiingereza mwache aandike kwanza kwa Kiswahili, mtatafsiri baadaye.

Za kwangu hizi, chukueni bure: maji yakikatika mtaani kwenu nani anapata hela? Mvua ya usiku inabadilisha nini asubuhi? Mweleze mgeni njia ya kutoka Rangi Tatu hadi kwenu bila kutaja jina la barabara. Nani anaamka wa kwanza mtaani, na anafanya nini?

Mwenye nyingine anirushie kabla ya Ijumaa, natoa fotokopi.